Bega la mvuvi: namna ya kurusha kimia na kuvuta mshipi bila kuumia

Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, na kwa mvuvi wa visiwa vya Lamu sehemu kubwa ya mtaji huo iko mabegani. Bega ndilo linalorusha kimia, linalovuta mshipi, linalopandisha tanga, linalopiga kasia na kusukuma pondo, na mwisho ndilo linalobeba kapu la samaki kutoka chomboni hadi bandani. Likiuma, hakuna likizo ya ugonjwa. Chombo kikitoka bila wewe, mgao hugawanywa bila wewe.

Mimi ni mzaliwa wa Faza. Kimia nilifundishwa na ami yangu nikiwa mtoto wa shule, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwaongoza wageni wanaokuja kuvua kwa fimbo baina ya Manda na Kiwayu. Si daktari. Niliyoyaandika hapa ni yale ambayo kazi imenifundisha, pamoja na yale ambayo wataalamu wa viungo wanakubaliana nayo. Nimeyaandika kwa sababu nimeona wanaume wa miaka 40 na kitu, bado wana nguvu za miguu na akili za bahari, wameachwa pwani kwa ajili ya bega moja. Wengine hawawezi hata kuinua mkono kwa takbira bila kukunja uso, wala kuvaa kanzu bila kusaidiwa. Na mengi ya maumivu hayo yanaweza kuzuiwa.

Bega limeundwaje

Nyonga ni kiungo kilichozama ndani ya shimo la mfupa, kwa hiyo ni imara. Bega si hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa mbele ya kisahani kidogo, mfano wa chungwa lililoegemezwa kwenye kisosi. Ndiyo sababu mkono unaweza kwenda kila upande, na ndiyo sababu pia bega hutoka kwa urahisi kuliko viungo vingine.

Kinachoshikilia chungwa hilo lisitoke kisahanini ni misuli 4 midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukizunguka kichwa cha mfupa. Kano za misuli hiyo, hasa ile ya juu, hupita katika nafasi nyembamba chini ya paa la mfupa, ile ncha ngumu unayoigusa juu ya bega lako. Katikati ya kano na paa kuna kifuko chembamba chenye majimaji, kazi yake kulainisha msuguano.

Ukiinua kiwiko juu ya usawa wa bega, nafasi hiyo hupungua. Ukiinua kiwiko na huku umegeuza kidole gumba kitazame chini, hupungua zaidi. Mara moja haina neno. Mara 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kano huchoka na kifuko huvimba. Tena kano haina damu nyingi kama nyama, kwa hiyo hupona polepole. Umri ukizidi miaka 40 huanza kuchakaa yenyewe, na hapo kazi ileile uliyoifanya ujanani bila kuhisi kitu inaweza kuichana.

Bega huumia lini

Watu wengi hudhani bega huumia siku ya samaki mkubwa. Hutokea, lakini mara nyingi chanzo ni kazi kuongezeka ghafla kuliko mwili ulivyozoea. Hesabu miezi yetu. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, bahari ya nje huchafuka na wengi wetu hubaki ndani ya mikono ya bahari na mikokoni. Huko kazi ni kimia, pondo na kasia. Kaskazi inapoingia, kuanzia karibu Novemba, tunatoka nje ya miamba, na kazi inageuka kuwa mshipi na tanga. Mwili uliozoea kurusha kwa miezi unaanza kuvuta kutwa nzima kuanzia siku ya kwanza.

Vivyo hivyo baada ya Ramadhani. Mwezi mzima umepunguza safari, na Idd ikipita unataka kufidia kwa wiki moja. Misuli hurudi haraka, kano huchelewa. Kanuni yangu ni hii: wiki ya kwanza ya msimu fanya nusu ya kazi uliyokuwa ukiifanya msimu uliopita, wiki ya pili robo tatu, wiki ya tatu ndiyo kazi kamili. Najua nyumba haili kanuni. Basi kama huwezi kupunguza siku, punguza uzito wa chombo unachorusha, au badilishana kazi na mwenzako ndani ya siku.

Kurusha kimia

Kimia huonekana kama kazi ya mkono, lakini mrushaji mzuri hurusha kwa miguu na kiuno. Mkono unaongoza tu. Kwa anayetumia mkono wa kulia, hatua ni hizi.

Kwanza, kitanzi cha kamba kivae kifundo cha mkono wa kushoto kikiwa kimelegea kiasi cha kuweza kukikung'uta. Samaki mkubwa akiingia, au kimia kikinasa kwenye mwamba na huku chombo kinakwenda na maji, kitanzi kilichobana kinaweza kulitoa bega mahali pake.

Pili, gawa kimia. Sehemu moja ya ukingo iweke juu ya kiwiko au bega la kushoto, sehemu nyingine ishike kwa mkono wa kulia. Wengi wetu tulifundishwa kushika ukingo kwa meno. Uache mtindo huo. Risasi ni sumu, huingia mwilini kidogo kidogo, na madhara yake kwa watoto ni makubwa zaidi. Kimia kinaweza kugawanywa kwa mikono miwili peke yake bila meno. Ni zoezi la siku chache.

Tatu, simama ubavu, mguu wa kushoto mbele, magoti yamelegea. Zungusha kiuno kurudi nyuma huku mikono ikibaki chini ya kifua. Kisha rudisha kiuno mbele kwa nguvu, uzito ukihama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, na uachie kimia kikiwa usawa wa kifua. Mwendo wake ni kama wa mtu anayemwaga maji ya beseni uani kwa mzunguko ili yatawanyike. Hakuna anayemwaga beseni kutoka juu ya kichwa.

Nne, baada ya kuachia, mikono imalizikie mbele ya kifua, viganja vikitazamana, vidole gumba juu. Ukiona mkono wako wa kulia umeishia angani kama mtu anayeita chombo kilichoko mbali, jua bega ndilo lililofanya kazi ya kiuno.

Tano, kurudisha. Hapa ndipo wengi huumia, kwa sababu akili iko kwenye samaki. Vuta kamba kwa mikono miwili, viwiko vimegusa mbavu, mivuto mifupi. Kimia kikifika miguuni, kiache kichuje maji kabla ya kukiinua. Ukiwa chomboni usikiinue kwa mkono mmoja ulionyooka nje ya ubavu wa mtumbwi. Mzigo wa kilo 5 ulioshikwa kwa mkono ulionyooka humwelemea bega kwa mara nyingi kuliko mzigo huohuo ulioshikwa karibu na tumbo. Piga goti, uegemeze paja kwenye ubavu wa chombo, uingize kimia kwa mikono miwili kwa kukiburuta juu ya ubao.

Upepo nao ni jambo. Ukirusha kinyume cha upepo utajikuta unainua mikono ili kimia kifunguke. Geuka, au mgeuze mwenye pondo, ili upepo uwe mgongoni au ubavuni. Na mtumbwi unaoyumba hauiruhusu miguu ifanye kazi, kwa hiyo mkono hubeba yote. Panua miguu, au shuka majini ikiwa ni kina cha kiuno na chini ni mchanga.

Mwisho, usirushe ovyo. Kila mrusho mtupu ni gharama kwa bega. Ami yangu alikuwa akisimama dakika nyingi akitazama maji, jua likiwa upande ambao kivuli chake hakimtangulii, mpaka alipoona mkizi wanavunja uso wa maji. Alirusha mara chache kuliko vijana wote na alirudi na kapu zito kuliko letu. Mimi nilidhani ni bahati ya wazee.

Kuchagua kimia

Kimia kikubwa ni fahari, lakini fahari ina uzito. Kimia cha futi 5 kutoka kitovu hadi ukingo kwa kawaida hubeba risasi ya kilo 2 na nusu hadi 3. Cha futi 8 hubeba kilo 4 hadi 5. Hiyo ni kabla hakijalowa, hakijaingia samaki, na hakijanasa majani ya bahari. Ukirusha kimia chenye kilo 4 za risasi mara 100 katika maji moja, umerusha na kuvuta kilo 400 kwa bega moja. Punguza kilo 1 na nusu, umeliondolea bega kilo 150 siku hiyo.

Ni kweli kimia cha futi 8 hufunika eneo zaidi ya mara 2 na nusu ya kile cha futi 5. Lakini huhesabika tu kama kinafunguka chote. Kimia kikubwa kilichorushwa na bega lililochoka hufunguka kama ndizi, na hapo kidogo kilichofunguka duara kinakishinda. Kwa maji ya magotini hadi kiunoni, kutafuta chambo au mkizi kando ya mikoko, kimia cha futi 5 au 6, yaani pima moja au pungufu kidogo, kinatosha. Kikubwa kiwe cha maji ya kina na cha mtu mwenye mwili wake.

Matundu makubwa huzama haraka, huchuja maji haraka na huwa mepesi kurusha. Pia huwaacha wadogo wapite. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile zinazong'aa kama mshipi, zimekatazwa kisheria nchini Kenya, kwa hiyo kabla ya kununua au kushona muulize BMU wa ufuo wako kuhusu uzi na ukubwa wa matundu.

Kamba ya mkononi isiwe nyembamba. Kamba nyembamba hukulazimisha kukaza ngumi, na ngumi iliyokazwa hukaza mkono wote mpaka shingoni. Kamba nene kama kidole kidogo, laini, isiyo na mafundo, hushikika kwa ngumi iliyolegea. Na kila ukirudi, kung'uta matumbawe, changarawe na majani. Nimewahi kupima kimia kilichoachwa bila kusafishwa na kukuta kina takataka nzito kuliko samaki wa siku hiyo.

Fimbo za wageni zinatufundisha nini

Baadhi ya wageni huja na fimbo ndefu za kurushia nzi bandia, yaani chambo cha manyoya na uzi kilichofungwa kwenye ndoana. Chambo hicho hakina uzito, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa mnene na mzito. Fimbo huupeleka nyuma, huungoja unyooke, kisha huupeleka mbele. Mgeni anaweza kurudia hivyo mamia ya mara asubuhi moja akiwafuata kolekole kwenye maji madogo, na wengi wao ni wazee wenye kazi za ofisini. Bega ndilo linalowaharibia safari.

Mwalimu maarufu wa uvuvi huo, Mmarekani Lefty Kreh, aliyefariki mwaka 2018 akiwa na miaka 93, alifundisha kwamba kiwiko kisafiri mbele na nyuma kama kimewekwa juu ya rafu, kisipande, na mwili wote uende pamoja na mkono. Alirusha hivyo hadi uzeeni. Mimi nilipoyasikia maneno hayo kwa mgeni nilimwonyesha kimia, kwa sababu ni somo lilelile la ami yangu: kiwiko chini, kiuno mbele.

Vijana wanaoongoza wageni wajue mambo manne. Kwanza, fimbo iendane na samaki. Fimbo za pwani hupimwa kwa namba, na namba 8 hadi 10 hutosha kwa samaki wengi wa ndani ya miamba. Namba 12 ni nzito na haifai kurushwa kutwa nzima. Pili, mshipi uendane na fimbo, maana mshipi mwepesi kuliko fimbo humfanya mtu alazimishe kwa bega. Tatu, mwache mgeni angoje mshipi unyooke nyuma kabla ya kuuleta mbele. Haraka huongeza nguvu na hupunguza umbali. Nne, mrushaji asirushe mara 5 hewani wakati 2 zinatosha. Nahodha akikisogeza chombo karibu na samaki kwa pondo, hatua 10 tu, amemwokolea mgeni bega lake. Naye atarudi mwaka ujao.

Kuvuta mshipi

Chukua mfano wa mshipi wa pima 20. Kila mvuto wa mkono huleta kama nusu pima, kwa hiyo kuupandisha mara moja ni mivuto 40. Ukiupandisha mara 30 kwa siku, iwe na samaki au kukagua chambo, ni mivuto 1,200. Hakuna bega la kuchezea hesabu hiyo.

Vuta ukiwa umekaa sawasawa na mgongo umenyooka, miguu imekanyaga ubao mbele yako. Mkono usianzie mbali. Mvuto uanzie karibu na goti na uishie kwenye mbavu. Pokezana mikono, kushoto na kulia, hata kama wa kushoto ni mzito kujifunza.

Samaki mkubwa asishindwe kwa bega. Tumia wimbi. Chombo kikipanda, shika tu mshipi usiuachie, na wimbi litamwinua samaki. Chombo kikishuka, mshipi hulegea, kusanya haraka. Wazee wa nguru na tewa wanaijua siri hii, na ndiyo maana mzee wa kilo 55 humtoa samaki ambaye kijana wa kilo 80 amemshindwa.

Chubwi nayo ichaguliwe kwa maji. Wakati wa maji mafu mkondo ni dhaifu, chubwi ndogo hufika chini. Wakati wa bamvua mkondo huchukua mshipi, na watu huongeza uzito juu ya uzito. Katika saa ambazo mkondo ni mkali mno, kuvuta chubwi kubwa mara kwa mara ni kuchosha bega bila faida. Ngoja maji yasimame. Vidole uvivishe vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ili usilazimike kukaza ngumi kwa kuogopa kukatwa.

Pondo, kasia na tanga

Pondo hushikwa chini ya usawa wa macho. Ukiwa na pondo fupi kwa maji ya kina utanyoosha mikono juu ya kichwa kila unaposukuma, tafuta refu. Likishagusa chini, usisukume kwa mikono, egemea kwa uzito wa mwili na utembee nalo. Badilisha upande kila baada ya muda.

Kasia livutwe kwa mgongo na miguu. Mpini uliokatwa mfupi hukupinda, na bega lililopinda mbele hubana ile nafasi ya kano niliyoitaja.

Kupandisha foromali ni kazi ya watu, na wimbo wa mabaharia ulikuwa na sababu: wote wavute kwa pigo moja. Mtu mmoja akijitia ushujaa wa kupandisha peke yake mikono ikiwa juu ya kichwa, anafanya kazi mbaya kuliko zote kwa bega. Vuta kamba kuelekea chini kwenye kifua, ukishuka kwa magoti.

Mazoezi ya dakika 10

Kabla ya kutoka, zungusha mabega nyuma mara 10. Inama kidogo, uache mkono uning'inie kama kamba ya ndoo, uuzungushe taratibu mara 10 kila upande. Kisha yasogeze makombe ya mabega yakaribiane mgongoni, shikilia kwa kuhesabu hadi 5, mara 10.

Mara 3 kwa wiki, ukiwa nyumbani, chukua mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa.

Zoezi la kwanza: funga mpira kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Simama ubavu kwa nguzo, mkono wa mbali na nguzo ushike mpira, kiwiko kimekunjwa na kimegusa mbavu. Fungua mkono kwenda nje kama mlango, urudi taratibu. Mara 12, mizunguko 3, kisha badili mkono. Hili ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu kurusha na kuvuta hukuza misuli ya mbele na kuiacha ile ya nyuma inyonge.

Zoezi la pili: itazame nguzo, shika ncha mbili za mpira, vuta viwiko nyuma hadi mbavuni. Mara 12, mizunguko 3.

Zoezi la tatu: jisukume ukutani kwa mikono miwili, mara 12, mizunguko 3, na kila mwisho sukuma kidogo zaidi mpaka makombe yafunguke.

Maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika ikiwa asubuhi yake yameisha. Yakiongezeka, legeza mpira.

Likishaanza kuuma

Dalili za mwanzo ni tatu. Bega huuma ukiinua mkono ubavuni, hasa katikati ya safari yake. Huuma usiku ukililalia. Na huuma ukitaka kufikia mgongo. Hapo usingoje.

Acha kwa wiki 2 hivi kazi ya kuinua mkono juu ya bega, lakini usiufunge mkono. Bega lisilotembezwa huganda, na wenye kisukari hugandwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Endelea na lile zungusho la mkono unaoning'inia. Barafu ya samaki iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, hupunguza maumivu. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi.

Kukandwa kwa mafuta hulegeza misuli ya shingo na mgongo, hakuna ubaya. Lakini kukandamiza kwa nguvu pale penye kano iliyovimba huongeza uvimbe. Na bega lililotoka lisirudishwe na mtu asiyefundishwa. Mishipa ya fahamu na ya damu hupita kwapani.

Vidonge vya maumivu visiwe chakula cha asubuhi. Dawa za aina ya diklofenaki, zikimezwa kila siku na mtu anayeshinda juani bila maji ya kutosha, huumiza tumbo na figo, na mwenye shinikizo la damu asizitumie bila kuuliza. Isitoshe, kidonge kinachokufanya uvute huku kano imechanika hakijakusaidia.

Nenda hospitali upesi ikiwa baada ya kuanguka au kuvutwa huwezi kuinua mkono, bega limebadilika umbo, vidole vina ganzi, au kuna homa na bega ni jekundu. Maumivu ya bega au mkono wa kushoto yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo. Hayo si ya kukandwa. Na anayepiga mbizi ya kamba mawe kwa mtungi wa hewa, akiibuka na baada ya muda bega likaanza kuuma, hayo yanaweza kuwa maradhi ya wapiga mbizi, nayo yanataka hospitali saa ileile.

Kama hakuna dalili hizo lakini maumivu yamepita wiki 6, mwone daktari na uombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa tibamaungo. Anzia Hospitali ya King Fahd mjini Lamu, au ya Faza au Mpeketoni kwa walio karibu. Bima ya afya ya umma tangu Oktoba 2024 iko chini ya SHA, kwa hiyo hakikisha umejiandikisha kabla hujaumia, maana safari ya boti kutoka Kizingitini au Kiwayu ni gharama ya kutosha.

Kazi ya nahodha na ya BMU

Bega la mtu mmoja si lake peke yake. Nahodha ndiye anayejua nani ametupa kimia tangu alfajiri na nani amekaa tezi. Kuwapokezana watu kazi kila saa hakupunguzi samaki. Hupunguza uchovu wa mwisho wa siku, ambao ndio wakati watu huumia. Vijana wadogo wasipewe kimia cha futi 8 ili wajaribiwe uanaume. Mifupa na kano zao bado zinakua.

Tangu Mahakama Kuu ya Malindi itoe hukumu ya fidia kwa wavuvi wa Lamu mwaka 2018 kuhusu bandari mpya, mazungumzo yetu yamekuwa ya boti, injini na nyavu. Ni sawa. Mimi naomba mambo matatu madogo yaongezwe katika vikao vya BMU. Tuwe na mkokoteni au gari la mikono la kubebea samaki na injini katika kila ufuo, ili bega lililovuta kutwa lisibebe tena kilo 40 jioni. Tuwe na magogo ya kuviringishia vyombo vinapopandishwa pwani. Na kila msimu wa kaskazi ukianza, aalikwe mtaalamu wa tibamaungo kwa asubuhi moja, awaonyeshe vijana yale mazoezi ya mpira wa baiskeli kwa macho, kwa sababu kusoma ni tofauti na kuona.

Kama ufuo wenu tayari una utaratibu wa kupokezana kazi, au fundi anayeshona vimia vyepesi vinavyofunguka vizuri, tuandikieni mtueleze. Nitakusanya majibu na kuyaweka hapa kabla kaskazi haijashika.